Cheo Bila Mshahara: Uongozi wa Kujitolea katika Elimu ya Wanyamapori Afrika Mashariki tangu 1909

Katika vyama vya wataalamu wa wanyamapori, kazi za mwenyekiti, katibu, mhazini na mhariri wa jarida kwa kawaida hufanywa na watu wasiolipwa, ambao mchana huitumikia ofisi nyingine na jioni hukaa kuandika kumbukumbu za mikutano, kukusanya ada na kusahihisha makala za wenzao. Vyama vilivyoundwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni viliwaita watu hao viongozi wa heshima, yaani wenye madaraka kamili ya cheo bila mshahara wake, ilhali Kiswahili cha leo kinapendelea kusema kwamba wanajitolea, kitenzi kinachomweka mtu mwenyewe mahali pa kitu kinachotolewa. Maneno hayo mawili hayana uzito mmoja, kwa kuwa heshima humrudia mtoaji na kumpamba, na kujitolea humpunguzia kitu. Historia ya Chama cha Historia Asilia cha Afrika Mashariki, ambacho upande wa Kenya sasa kinajulikana kwa jina la Nature Kenya, inaonyesha jinsi uongozi wa namna hiyo ulivyohama polepole kutoka maana ya kwanza kuelekea ya pili, na jinsi ulivyojenga taasisi ambazo, kila zilipokomaa, zilikabidhiwa kwa watu wa mshahara.

Chama hicho kilianzishwa Nairobi mwaka 1909, wakati mji wenyewe ulikuwa na umri wa miaka kumi tu tangu reli ifike mwaka 1899. Historia asilia, kama ilivyoeleweka wakati huo, ilikuwa elimu ya kukusanya, kutambua na kupanga mimea, wanyama, wadudu na mawe ya nchi, na waasisi wake walikuwa kundi dogo la Wazungu waliokuwa na nyadhifa katika serikali ya kikoloni au katika misheni. Alikuwamo Frederick Jackson, naibu gavana aliyefika pwani mwaka 1884 na ambaye jina lake limebaki kwa kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu. Walikuwamo maofisa wa utawala John Ainsworth na C. W. Hobley, mtaalamu wa wadudu T. J. Anderson, na Blayney Percival aliyekuwa mlinzi wa wanyamapori wa serikali, kazi ambayo wenyeji waliifupisha kwa kumwita mwenye nayo Bwana Nyama. Kutoka upande wa kanisa walitoka Harry Leakey wa misheni ya Kabete na Kenneth St. Aubyn Rogers, mpenzi mkubwa wa vipepeo.

Orodha hiyo inaeleza jambo la msingi kuhusu uchumi wa kujitolea. Hakuna hata mmoja aliyehitaji mshahara wa chama, kwa sababu kila mmoja alikuwa analishwa na mfuko mwingine: ofisa wa wilaya alitembea nchi nzima kwa gharama ya serikali, akibebewa mizigo na wapagazi waliolipwa na serikali hiyohiyo, na mmisionari alikaa mahali pamoja miaka mingi kiasi cha kujua mti gani huchanua mwezi gani. Muda wa ziada, vyombo vya usafiri, nyumba yenye chumba cha kuhifadhia vitu na ujuzi wa kuandika kwa lugha ya majarida ya London vilikuwa mtaji ambao haukuandikwa katika hesabu za mhazini, lakini bila huo hakuna aliyeweza kuwa katibu. Kwa hiyo chama kilipoanza kutoa jarida lake mwaka 1910, waandishi wake walikuwa karibu wote watu wa tabaka hilo, na mipaka ya uanachama ilifuata mipaka ya rangi na kipato iliyokuwa imeugawa mji.

Itakuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba utumishi bila malipo kwa ajili ya mali ya wote uliletwa na chama hicho. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, utaratibu wa majirani kulimiana kwa zamu, na katika milima ya Usambara na Upare watu waliitana kwenye msaragambo kuchimba mifereji na kutengeneza njia. Mfano ulio karibu zaidi na hifadhi ya viumbe ni ule wa kaya za Wamijikenda, misitu iliyozunguka makao ya kale ya watu hao nyuma ya pwani ya Kenya, ambayo wazee wake waliilinda kwa miiko: huyu asiingie na viatu, yule asikate mti, na aliyekosa atoe faini ya mnyama ili msitu utakaswe. Rogers alikusanya vipepeo Rabai, ambako zipo baadhi ya kaya hizo, na hivyo katika eneo lilelile palikuwa na aina mbili za watumishi wasiolipwa, mmoja akichukua sampuli za viumbe ili azipeleke kwa wataalamu wazitambue, na wengine wakizuia kitu chochote kisitoke msituni. Jarida la chama lilikuwa na nafasi kwa elimu ya kwanza tu. Ya pili ilingoja hadi miaka ya 1990, serikali ya Kenya ilipoanza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 zikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kazi iliyowaunganisha waasisi ilikuwa kujenga mkusanyo, na njia bora ya kuielewa ni kutazama kitu kimoja cha mkusanyo huo kwa karibu, yaani ngozi ya ndege ya utafiti. Ndege aliyepigwa alipasuliwa tumboni kwa kisu chembamba, mwili ukatolewa na kuachwa fuvu, mifupa ya mabawa na miguu. Upande wa ndani wa ngozi ukapakwa sabuni yenye sumu ya aseniki ili wadudu wasiile, pamba ikajazwa, mshono ukafungwa, na ndege akalazwa chali, mabawa yakiwa yamebanwa ubavuni na miguu imepishanishwa. Pale miguu ilipopishana palifungwa kikaratasi kilichoandikwa tarehe, mahali, jinsia na jina la mkusanyaji. Bila kikaratasi hicho ngozi ni pambo, na kikiwapo ni ushahidi ambao mtaalamu anaweza kuurejea baada ya karne nzima, akaulizia ndege huyo alikuwa akiishi wapi kabla mashamba hayajafika.

Jina lililoandikwa kwenye kikaratasi mara nyingi lilikuwa la mwenye safari, huku mikono iliyopiga, kuchuna na kushona ikiwa ya Mwafrika aliyelipwa ujira wa kila mwezi na ambaye hakuwa mwanachama wa chochote. Mmoja wa wachache ambao majina yao yamehifadhiwa ni Salimu Asmani, aliyefanya kazi na Reginald Moreau huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Moreau mwenyewe alikuwa mhasibu katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kuanzia mwaka 1928, mtu asiye na shahada ya elimu ya viumbe, aliyejifunza ndege wakati wake wa ziada na baadaye akawa mhariri wa jarida kubwa la elimu ya ndege la Uingereza. Kwa Moreau, kujitolea kulikuwa ngazi, kwani saa alizotoa bila malipo zilimrudia kama jina na cheo. Kwa Salimu, ambaye macho na masikio yake yaliujua msitu wa Usambara, ujuzi uleule ulibaki kuwa kibarua. Tofauti ya watu hao wawili inaonyesha waziwazi kwamba cheo cha heshima kilikuwa na masharti ya kuingia ambayo hayakuandikwa katika katiba ya chama.

Mkusanyo ulihitaji nyumba, na nyumba ndiyo iliyobadilisha hatima ya chama. Mwaka 1910 wanachama walianzisha makumbusho madogo katikati ya Nairobi, mahali liliposimama baadaye jengo la Nyayo, na mwaka 1914 akaja kijana Arthur Loveridge kuwa msimamizi wake, ingawa vita vya dunia vilimwondoa kazini mapema. Vyumba vilipojaa, jengo kubwa zaidi lilijengwa mwaka 1922 mahali ilipo sasa hoteli ya Serena. Gavana Robert Coryndon, aliyekuwa mfadhili wa chama, alifariki mwaka 1925 akiwa madarakani, na kumbukumbu yake ikawa sababu ya kupata jengo la tatu, ambalo serikali ililitengea kiwanja kwenye kilima kinachoitwa hadi leo Museum Hill, na likafunguliwa tarehe 22 Septemba 1930 kwa jina la Makumbusho ya Coryndon.

Jengo hilo jipya lilikuwa ushindi, na papo hapo lilikuwa mwanzo wa kuachia. Makumbusho yenye wadhamini wake, bajeti yake na wafanyakazi wake hayangeweza kuendelea kuwa chumba cha nyuma cha chama cha watu wanaokutana jioni, na kwa sababu hiyo mkusanyo uliochukua miaka ishirini kukusanywa ukapita mikononi mwa taasisi, huku chama kikibaki na jarida, mihadhara, matembezi na maktaba. Maktaba hiyo iliwekwa pamoja na ya makumbusho, na mpaka sasa ni ya wote wawili.

Hata hivyo, mpaka kati ya kazi ya mshahara na kazi ya kujitolea haukunyooka mara moja. Victor van Someren, aliyekuwa daktari wa meno na mjuzi wa ndege na vipepeo, alihudumia makumbusho kwanza kama mhifadhi wa heshima, akiacha wagonjwa wake na kwenda kwenye makabati ya ngozi, kabla ya kushika wadhifa kamili. Mwaka 1941, katikati ya vita vya pili, Louis Leakey, mwana wa yule mmisionari wa Kabete, alikabidhiwa makumbusho vilevile kama mhifadhi wa heshima, na miaka minne baadaye ndipo alipoanza kulipwa. Chini ya uongozi wake Waafrika na Waasia walianza kukaribishwa katika kumbi ambazo hadi hapo zilikuwa zimehudumia zaidi Wazungu. Hatua hiyo ilihusu mlango wa mbele tu, kwani meza ya kamati ilichukua muda mrefu zaidi, lakini mtoto wa shule aliyesimama mbele ya ngozi ya ndege wa kijiji chake na kusoma jina lake la kisayansi alikuwa ameonyeshwa kwamba kile anachokijua kina mahali katika elimu.

Sambamba na chama cha wachunguzi kilikuwapo chama cha wawindaji wa kulipwa, yaani watu walioongoza wageni matajiri katika safari za kuwinda, kilichoundwa mwaka 1934 katika hoteli ya Norfolk jijini Nairobi. Uhusiano wa vyama hivyo viwili ulikuwa wa damu, kwa maana halisi ya neno hilo: Blayney Percival, mwasisi wa chama cha 1909, alikuwa ndugu wa Philip Percival, aliyekuwa rais wa chama cha wawindaji kwa miaka mingi. Kamati ya wawindaji nayo ilifanya kazi bila malipo, ikipima wawindaji wapya katika kazi hiyo na kuweka miiko, miongoni mwake ile ya kutopiga mnyama kutoka ndani ya gari. Tofauti ni kwamba chama kilichojengwa juu ya riziki ya wanachama wake hakikuweza kuishi baada ya riziki hiyo kukatwa, na serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, chama hicho kilivunjika mwaka huohuo. Chama cha historia asilia, ambacho hakikuwa kikimpa kiongozi wake chakula, hakikuwa na kitu cha kunyang'anywa.

Miaka ya kuelekea uhuru ilizaa vyama na taasisi nyingi kwa muda mfupi. Mwaka 1961 vyama vya wanyamapori vya Kenya na Tanganyika viliungana na kuwa chama kimoja cha Afrika Mashariki, ambacho gazeti lake linaitwa Swara, neno jingine la swala. Mwaka 1963 likaanza jarida la kitaalamu la wanyamapori la Afrika Mashariki, ambalo sasa ni jarida la ekolojia la bara zima. Tanganyika ilitoa Tamko la Arusha la Septemba 1961, ambamo Julius Nyerere aliahidi kwamba serikali huru ingetunza wanyamapori kama amana, na mwaka 1963 chuo cha Mweka kikafunguliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro ili kufundisha wasimamizi Waafrika. Nchini Kenya, Perez Olindo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza hifadhi za taifa, mwaka 1966, na Makumbusho ya Coryndon yakawa Makumbusho ya Taifa. Kwa mara nyingine kazi iliyoanzishwa na watu wa jioni ilipita kwa watu wa mchana, na safari hii watu wa mchana walikuwa wananchi.

Makabidhiano hayo yangeweza kuwa mwisho wa uongozi wa kujitolea, lakini badala yake yaliufungulia uwanja mpana zaidi. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule za sekondari nchini Kenya waliunda Vilabu vya Wanyamapori, vya kwanza vya aina yake barani Afrika, na nguzo ya kila klabu ikawa mlezi, yaani mwalimu aliyekubali kuongeza juu ya vipindi vyake vya kawaida kazi ya kuandaa mikutano ya Ijumaa alasiri, kuandika barua za kuomba basi na kuwasindikiza watoto mbugani. Neno mlezi lina thamani yake hapa, kwa maana Kiswahili hakikumwita mwalimu huyo mkurugenzi wala ofisa. Kilimpa neno la mtu anayekuza mtoto, kazi ambayo hailipwi. Tanzania nayo ilipoanzisha vilabu vyake mwaka 1980 iliviita Malihai, jina linalounganisha mali na uhai na kumwambia mtoto, kabla hajafundishwa lolote jingine, kwamba utajiri anaoulinda unapumua. Kupitia walezi hao, cheo cha kujitolea kiliwafikia watu wasiokuwa na gari wala chumba cha makusanyo, na ambao mshahara wao mwingine ulikuwa mdogo.

Chama cha 1909 nacho kilibadilika kwa njia ya desturi ndogo kuliko kwa azimio kubwa. Tangu mwaka 1971 wapenzi wa ndege wamekuwa wakikutana kwenye makumbusho ya Nairobi kila Jumatano asubuhi, wakigawana nafasi katika magari yaliyopo na kwenda kwenye bustani, bwawa au msitu ulio karibu, wakiongozwa kwa miongo mingi na Fleur Ng'weno, ambaye pia ametumikia kwa muda mrefu kama katibu wa heshima wa chama. Katika matembezi hayo hapana anayeulizwa shahada yake: mwanafunzi, mstaafu, mgeni wa siku moja na mtafiti wa makumbusho hutazama tawi lilelile, na aliyemwona ndege wa kwanza huwaeleza wengine waangalie wapi. Vijana wengi waliokuja kuwa waongozaji wa watalii au watafiti walijifunza kushika darubini katika asubuhi hizo, na kwa kuwa kila matembezi huacha orodha ya ndege walioonekana, desturi iliyoanza kama burudani ikawa kumbukumbu ya miaka hamsini ya jiji linalokua.

Kamati ya ndege ya chama ilianza mwaka 1977 kutoa jarida la Scopus, na wanachama wa Uganda waliunda chama chao mwaka 1995. Mwaka 1999 kikachapishwa kitabu kilichotaja maeneo 60 muhimu kwa ndege nchini Kenya, kazi iliyounganisha watafiti wa makumbusho na waangalizi wa kujitolea. Kitabu hicho kilileta swali ambalo kamati za Nairobi hazingeweza kulijibu zenyewe, nalo ni nani atakayeyatazama maeneo hayo mwaka baada ya mwaka, mengi yakiwa hayako ndani ya hifadhi yoyote ya serikali. Jibu lilipatikana katika vikundi vya wenyeji wanaoishi kando ya kila eneo, ambavyo huhesabu ndege, huripoti ukataji wa miti, hupanda miche na huchagua mwenyekiti, katibu na mhazini wao kama kilivyofanya chama mama. Huko Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 uliwawezesha wakulima kufuga vipepeo na kuuza pupa, yaani hatua ya kipepeo kabla hajatoka na mabawa, kwa maonyesho ya ng'ambo. Rogers alikuwa amekusanya vipepeo wa pwani kwa ajili ya elimu, na karne moja baadaye majirani wa msitu waliwafuga kwa ajili ya karo za watoto, wakipata sababu ya kutaka msitu usimame.

Kaskazini mwa Arabuko-Sokoke, katika misitu ya Dakatcha, historia yote hiyo inaweza kusomwa kupitia ndege mmoja. Kwera wa Clarke, ndege wa rangi ya njano na nyeusi anayeishi katika kaunti ya Kilifi pekee, alielezwa kisayansi mwaka 1913 na Stephenson Clarke, Mwingereza ambaye ndugu yake alimpata ndege huyo, na kwa miaka mia moja wataalamu walimjua kwa ngozi na kwa makundi yaliyopita juu ya miti bila kujua anajenga kiota wapi. Viota vyake vilionekana mwaka 2013, katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, katika kazi iliyowahusisha waangalizi wa chama pamoja na kikundi cha wenyeji cha kuhifadhi misitu hiyo. Mvua ndiyo inayoamua kama kinamasi kitajaa na kama kwera watajenga mwaka huo, kwa hiyo wa kwanza kujua ni yule anayepita hapo akienda shambani. Huyo hufanya kazi ileile aliyoifanya Jackson na wenzake, ya kutazama, kuandika tarehe na mahali na kuwapelekea wengine habari, ila yeye hana mfuko mwingine unaomlisha, na kila asubuhi anayokaa kinamasini ni asubuhi ambayo jembe lake limelala.